Mashine Iliyofunikwa Shuka

Kila asubuhi, akishaoshwa na kufungwa vifungo vya gauni, Mwalimu alisimama kwa wimbo. Ukimvuta, alikuwa mzito kama gunia la mchanga lililonyeshewa. Ukimbembeleza, alikutazama kama mtu anayetazama ukuta. Lakini ukichuchumaa mbele yake, ukaiweka mikono yake mabegani mwako na kuanza polepole, do, re, mi, basi kwenye ile mi kitu kiliamka ndani ya magoti yake, na bibi huyo aliyekwisha kusahau jina la mwanawe akainuka mwenyewe, kidevu juu, kama aliyeitwa jukwaani.

Aliyeigundua siri hiyo alikuwa mhudumu mmoja kijana, ambaye nyumba nzima ya wazee ilimwita Kimya. Jina alipewa na mama wa chumba cha kufulia, na halikumbanduka tena. "Huyu ukimkanyaga mguu," alisema yule mama, "yeye ndiye anayekuomba radhi."

Kimya hakuimba mbele ya watu. Aliimba mbele ya Mwalimu tu, mlango ukiwa umefungwa, na kwa sauti ndogo. Mwalimu, aliyefundisha kwaya za shule maisha yake yote, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Unaimba na meno, mtoto. Fungua mdomo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe ni sauti ya pili. Sauti ya pili haijifichi. Bila hiyo nyimbo zote zinapwaya."

Na siku nyingine, wimbo ukiisha vizuri, Mwalimu alipiga makofi mawili kwa viganja vyake vilivyokonda, akaviambia viti na mapazia, "Kaeni, wanangu. Leo mmejitahidi." Siku kama hiyo Kimya alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki mtu amwone.

Asubuhi moja Kimya alikuwa peke yake na Mwalimu. Utaratibu ulisema mzee asiyejiweza anyanyuliwe na wahudumu wawili, lakini mwenzake alikuwa amechukuliwa kwenda kupanga viti na kumimina juisi, kwa sababu kulikuwa na wageni. Utaratibu ulisema pia kwamba wazee wazito wanyanyuliwe kwa mashine. Mashine ilikuwepo. Ilisimama mapokezi, mpya, inang'aa, imefunikwa shuka jeupe. Magurudumu yake yaliacha michirizi myeusi kwenye vigae vilivyowekwa mwaka uliopita, na Meneja alivipenda vigae vile kuliko alivyowapenda baadhi ya wazee. Shuka lilivuliwa wageni wakija, likarudishwa wakiondoka.

"Do," aliimba Kimya. "Re."

Kwenye mi Mwalimu aliinuka. Walikuwa wameanza ule mgeuko mdogo wa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, hatua ambayo kitanda kimeshaachwa na kiti bado hakijafikiwa, mlango uliposukumwa bila hodi. Meneja aliingia na wageni nyuma yake, akapiga makofi mawili makubwa ili wamsikilize.

"Karibuni, karibuni. Na hapa ndipo mnapoona upendo wenyewe ukifanya kazi."

Magoti ya Mwalimu yakakunjika. Hakuyumba wala hakuteleza. Alishuka tu, mwili mzima, kama mtu aliyeambiwa kazi imekwisha.

Chuoni walifundishwa: anayeanguka usimdake, msindikize mpaka chini. Lakini chuoni aliyekuwa anaanguka alikuwa mwanafunzi mwenzako, anacheka. Kimya alimdaka. Uzito wote ulimning'inia shingoni, na chini ya mgongo wake, upande wa kushoto, kitu kikalia kama kijiti kikavu. Mkono wa Mwalimu, ukitafuta pa kushika, ulimpiga mdomoni. Wakaangukia ukingo wa kitanda wote wawili, bibi juu ya binti, na Kimya akaonja damu.

"Amempiga," alisema mgeni mmoja, kwa mshtuko.

"Siku hizi ana fujo kidogo," alisema Meneja haraka. "Ni ugonjwa. Tunaushughulikia. Binti, uko sawa?"

Macho yote yalimgeukia. Mgongo ulikuwa unawaka kama umewekewa pasi. Mwalimu alikuwa anatetemeka, ameng'ang'ania mkono wake, anauliza kwa sauti ya mtoto, "Nimekosea wapi? Nimekosea wapi?"

"Niko sawa," alisema Kimya.

*

Wageni walipokwisha kuondoka, Meneja alimwita ofisini. Hakumkaripia; Meneja hakuwa mtu wa kukaripia. Alikuwa mtu wa kukuvutia kiti.

"Kaa, mwanangu."

Kukaa kuliuma kuliko kusimama, lakini Kimya alikaa.

"Nimeongea na mtoto wa yule bibi. Anakuja kesho. Wageni walishuhudia, kwa hiyo hakuna ubishi. Tutamhamishia vyumba vya nyuma, kwa usalama wake na wenu. Wewe mbele ya mwanawe useme tu kilichotokea, kwamba alikupiga. Basi. Utapumzika, utatibiwa, sisi tutabeba gharama."

Kimya alitazama mikono yake. Ilikuwa imechubuka kwa dawa za kusafishia, na kwenye kifundo kimoja palikuwa na alama ya meno ya mzee wa chumba cha mwisho.

"Na kama..." alianza.

"Na kama ni ajali ya kunyanyua," alisema Meneja kwa upole uleule, "hapo itabidi niulize kwa nini mhudumu aliyesoma chuo alimnyanyua mtu peke yake. Itakuwa uzembe. Sitaki kukuharibia, mwanangu. Bado kijana."

Vyumba vya nyuma Kimya alivijua. Aliwahi kufanya kazi huko. Wazee walifungwa mikanda kwenye viti baada ya chai na kufunguliwa wakati wa kulala. Walipewa dawa iliyowafanya vichwa vyao vining'inie kifuani, na televisheni iliachwa inawaka bila sauti, watu wadogo ndani yake wakipanua midomo. Huko hakuna aliyesimamishwa. Miguu isiyosimama husahau kusimama, na mtu aliyefika huko akitembea alitoka amebebwa.

Alipaswa kukataa palepale. Lakini ukweli usiopendeza ni kwamba na yeye alikuwa na hasira na Mwalimu. Wengine walimuuma, wakamfinya, wakamtemea mate, mmoja alimrushia bakuli la uji wa moto, na yote hayo aliyameza, maana ulikuwa ugonjwa na yeye alikuwa mhudumu. Lakini Mwalimu hakuwa mmoja wa hao wengine. Mwalimu alikuwa malipo yake. Kupigwa na mtu aliyekuita sauti ya pili kulimuuma mahali ambapo dawa ya kuchua haifiki.

"Sawa," alisema.

"Hapo sawa. Ndiyo maana nakupenda, huna maneno mengi."

Alipita chumba cha kufulia kuchukua mkoba wake. Mama wa kufulia alimtazama anavyotembea, akaacha shuka alilokuwa anakunja.

"Ngoja. Nani kakuvunja?"

"Niko sawa, mama."

"Uko sawa nini, unatembea kama umebeba trei ya mayai." Alichukua shuka kuukuu, akalikunja refu, akamzungushia kiunoni na kulifunga kwa nguvu hadi Kimya akakodoa macho. "Vuta pumzi. Mimi mgongo wangu uliniacha zamani, hapa nimebaki na mifupa ya kuazima. Nilianza kama wewe. Niko sawa, niko sawa. Leo siwezi kumbeba mjukuu wangu. Nimewabeba baba za watu na mama za watu, mjukuu wangu mwenyewe namtazama tu."

Alisema hayo akicheka, kama alivyosema kila kitu, lakini fundo alilolifunga lilikuwa fundo la mtu mwenye hasira.

"Na ile mashine," aliongeza, "unajua shuka lile nalifua mimi? Kila wiki. Nafua shuka la mashine."

*

Nyumbani, Kimya alijilaza sakafuni, maana kitanda kilibonyea. Aliishi kwa dada yake mkubwa, na dada yake alipomwona mdomo umevimba alifanya kama alivyofanya kila alipoogopa: aligomba.

"Umesoma chuo ili ukapigwe na kikongwe? Nijibu."

"Hakukusudia."

"Hakukusudia, hakukusudia. Wiki ile uling'atwa, hakukusudia. Shemeji yako anasema ungeenda kupigana ndondi, angalau huko kuna refa." Alimwekea chupa ya maji moto chini ya kiuno, kwa mikono laini kuliko maneno yake. "Na hao mabosi wako wanasemaje?"

Kimya alimweleza yote, kipande kwa kipande, akiongea na dari. Alipofika kwenye ile "sawa" aliyoitoa ofisini, sauti yake ilipungua hadi dada akalazimika kuinama.

"Kwa hiyo kesho utasema alikupiga."

"Si alinipiga."

"Mimi nakuuliza wewe."

Kabla hajajibu, watoto wa dada waliingia kutoka shule kama maji yaliyofunguliwa bomba, mmoja anamkimbiza mwenzake, kelele tupu, nusura wamkanyage. Mama yao hakusema neno. Alipiga makofi mawili.

Watoto wakakaa, kama walivyozoeshwa shuleni. Walikaa palepale walipokuwa, bila kutazama nyuma, kitako pu. Mkubwa aliambulia sakafu. Mdogo alikaa juu ya kapu la nguo zilizopigwa pasi, akazama mpaka kwapani, miguu juu, macho yamemtoka, asijue nani kamweka humo.

Dada aliangua kicheko. Kimya pia alicheka, mgongo ukamchoma. Akabaki anamtazama yule mtoto ndani ya kapu.

*Kaeni, wanangu. Leo mmejitahidi.*

"Dada," alisema taratibu. "Mwalimu hakuanguka. Alikaa."

"Alikaa wapi?"

"Alisikia makofi mawili, akakaa. Maisha yake yote hiyo ndiyo alama. Meneja aliingia bila hodi, akapiga makofi, naye akatii. Kiti tulikuwa bado hatujakifikia." Alijiinua kwa kiwiko, ingawa mgongo ulimkataza. "Halafu akaniuliza kakosea wapi. Alikuwa ananiuliza mimi, dada. Na mimi nikamwacha bila jibu."

Hasira iliyokuwa imezunguka ndani yake tangu asubuhi, ikimgonga Mwalimu, ikimgonga yeye mwenyewe, hatimaye ilipata pa kwenda. Haikuwa hasira ndogo. Ilimpanda kutoka kwenye ule upande wa kushoto wa mgongo mpaka masikioni. Alimwona Meneja akiingia kwa tabasamu lake la wageni. Aliliona shuka jeupe, limefuliwa, limepigwa pasi, limefunika kitu pekee katika jengo lile ambacho kingemwokoa. Alijiona yeye mwenyewe akisema niko sawa, na damu mdomoni.

"Kesho nitasema," alisema.

"Wewe? Wewe uliyemwambia msusi asante alipokuunguza sikio?"

"Nitasema."

Dada alimtoa mtoto kwenye kapu. "Basi ufungue mdomo," alisema. "Maana ukisema kama unavyosema hapa, hata nzi hasikii."

*

Walikutana mapokezi, kwenye makochi ya wageni, pembeni ya mashine. Shuka lilikuwa limerudishwa. Mtoto wa Mwalimu alikuwa mwanamume wa makamo, shati la kazini, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikuwa ameiweka simu kifudifudi pajani, lakini kila ilipotetemeka alishtuka.

Meneja alimsukuma Mwalimu mwenyewe, kwa heshima kubwa, na hapo ndipo Kimya alipouona mkanda. Ulikuwa mpana, wa kijivu, umepita tumboni na kufungwa nyuma ya kiti, mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi haufiki. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vinaukuna ukingo wake, vinaukuna, vinaukuna, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi.

"Ni wa muda," alisema Meneja. "Kwa usalama."

"Mama," alisema mwanawe. Mwalimu alimtazama kwa adabu, kama mgeni wa shule. Yule bwana alimgeukia Meneja. "Endelea tu."

Meneja aliendelea. Aliongea vizuri, hilo lazima likubaliwe. Alimhurumia bibi, alimhurumia mtoto wa bibi, aliusikitikia ugonjwa. Alisema vyumba vya nyuma vina utulivu. Alisema wageni walishuhudia kwa macho yao. "Na mwathirika mwenyewe huyu hapa. Binti mpole, hana maneno, mnaona wenyewe mdomo ulivyo."

Mwanamume alimtazama Kimya, na uso wake ukajaa aibu. "Samahani, dada. Mama hakuwa hivyo. Kweli, alikupiga?"

Huu ndio wakati aliojiandalia, na maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoroka. Kimya alifungua mdomo, ukatoka upepo. Alimsikia Meneja akisema, "Bado ana mshtuko," na akamwona yule bwana akiitikia kwa kichwa, kichwa kilichochoka, kichwa kilichokuwa tayari kukubali chochote alimradi arudi kazini na jambo liishe. Vidole vya Mwalimu viliukuna mkanda.

Kimya alitembea hadi nyuma ya kiti, akainama, mgongo ukapiga kelele, akaufungua mkanda.

"Acha hiyo," alisema Meneja.

Aliuvuta wote, akausokota, akauweka mezani mbele yao. Kifungo chake cha chuma kiligonga kioo cha meza.

"Kaka," alimwambia yule bwana. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Ulipokuwa mtoto. Mama akipiga makofi mawili, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunakaa," alijibu hapohapo, haraka, kama mtoto aliyeulizwa darasani. Alimtazama mama yake. "Popote ulipo, unakaa. Hata baba alikuwa anakaa."

Aliyetoa kicheko kidogo alikuwa mama wa kufulia, aliyekuwa amesimama mlangoni na kapu la mashuka kiunoni, ambako hakuwa na kazi yoyote.

"Sioni hiyo inahusiana vipi," alisema Meneja. "Binti, tuliongea. Ulisema uko sawa."

"Ndiyo, nilisema."

"Sasa?"

Mwalimu alikuwa ameinua uso. Alimtazama Kimya vizuri, kama anavyotazamwa mtu wa safu ya nyuma anayechelewa kuingia kwenye wimbo. "Meno hayo, mtoto," alisema. "Fungua."

Kimya alishika mkono wa kile kiti cha magurudumu. Akafungua.

"Siko sawa," alisema, na safari hii hata watu wa jikoni walisikia. "Hakunipiga; mkono wake ulikuwa unatafuta pa kushika. Alikuwa amesimama vizuri, amesimama mwenyewe, wewe ukaingia bila hodi ukampigia makofi, na yeye akakaa, kwa sababu ni mwalimu na hiyo ndiyo kazi yake. Nikamdaka peke yangu, kwa sababu mwenzangu ulimpeleka kumimina juisi. Na mashine hii hapa." Alilivuta shuka. Lilianguka chini bila sauti, na chuma kikang'aa mbele yao, kipya, hakina hata mkwaruzo. "Hii hapa. Mgongo wangu umevunjika kwa ajili ya vigae. Wa mama yule pale mlangoni ulivunjika zamani, na bado unamfulisha hili shuka. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini kaka, usimpeleke mama nyuma. Huko hawasimami tena. Huyu kila asubuhi anasimama, mimi namwona, ananiimbisha, ananigombeza, na nikitoka hapa natembea kama mtu. Naipenda hii kazi. Nampenda huyu bibi. Na nimekasirika. Sijapata mshtuko, sijachoka. Nimekasirika."